Karibu, Mustansir

Mwaka wa tisini na saba tulikuwa kwenye basi la asubuhi kutoka Buxton. Mbele yangu alikaa Bi Firoza, mwenye duka la leso Biashara Street, na kando yake bwana mmoja aliyejitambulisha kuwa Charo, fundi wa kompyuta.

"Mwanangu, kompyuta yangu ya nyumbani imekuwa nzito," Bi Firoza akamwambia. "Nikiiwasha tu, yatokea programu yataka kuisafisha. Naingoja hata chai yapoa."

Charo akacheka. "Hiyo haisafishi kitu, mama. Yala nafasi bure. Fungua orodha ya programu, tafuta jina lake, uiondoe."

"Kuiondoa najua."

"Sasa wangoja nini?"

Bi Firoza akatazama nje. Akaeleza kuwa marehemu mumewe ndiye aliyeiweka, na ilipomuuliza jina, akaliandika. "Tangu hapo, kila asubuhi yamkaribisha: Mustansir. Nyumbani kwangu hakuna mwengine amwitaye."

Nami niliyekwisha kumwona mkaidi nikaona haya.

"Basi, jina twaweza kuliandika kwengine," Charo akasema taratibu. "Mashine ikiwaka, litokee."

"Utaliandika wewe. Hili aliliandika yeye."

Basi likasimama Biashara Street. Charo akampisha, akamshika mkono kumteremsha.

"Lakini kila mwaka itazidi kuwa nzito, mama."

"Na mimi pia, mwanangu," akajibu, akenda kufungua duka.