Bi Herufi na Picha Niliyoigeuza

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi Herufi, alizaliwa Jumapili tarehe 14 Machi 1971, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya useremala ya baba yetu. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho. Wa kwanza ni mimi ninayewasomea, niliyemtangulia kwa miaka miwili na kudhani nitabaki mbele siku zote. Mama alipenda kusimulia kwamba siku mtoto alipoletwa nyumbani niliomba arudishwe. Watu walicheka kila waliposikia, nami nilicheka nao, ingawa ombi lile sikulifuta mapema kama walivyodhani.

Alianza shule ya msingi ng'ambo ya reli Januari 1978, akamaliza 1984. Ubao wa matangazo wa shule ulikuwa mali yangu. Mimi ndiye niliyeandika vichwa vya habari kwa chaki za rangi, na nilijiona mtu mzito. Marehemu alipofika darasa la nne, mwalimu mkuu aliona jinsi alivyoandika jina lake juu ya daftari, akaniita ofisini na kuniomba kwa upole nimkabidhi sanduku la chaki. Nilimkabidhi, ila nilizivunja kwanza. Yeye alivilaza vile vipande kwa ubavu, akapata herufi nene ambazo shule nzima ilikuja kuzitazama. Baada ya sekondari alisomea usanifu wa michoro na uchapaji chuoni, kuanzia 1990 hadi 1992.

Aprili 1993 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, na Februari 2001 akafungua ofisi yake mwenyewe, ghorofa ya pili juu ya duka la viatu. Alikuwa na desturi moja aliyoiita kuokota. Kabla ya kushika kazi yoyote alitoka nje saa nzima, akarudi na maboksi ya dawa, tiketi zilizotupwa, kurasa za majarida ya wasanifu wa siku hizi, na picha za vibao vya maduka. Alizibandika ukutani na kukaa mbele yake kimya mpaka kazi ijitokeze. Nimepita naye mtaa mmoja mara nyingi. Mimi niliona duka la matairi. Yeye aliona herufi R iliyopakwa kwa brashi iliyochakaa, mguu wake umetangulia kama mtu anayeaga. Akionyeshwa picha nzuri hakuuliza kamera gani ilitumika, kama nilivyouliza mimi. Aliuliza mpigapicha alisimama wapi, na kwa nini hapo. Mimi ndiye mpigapicha katika familia hii, nina studio na cheti ukutani, na swali hilo sikuwahi kujiuliza.

Sasa nifike kwenye bango, maana nimeagizwa nilifikie. Mwaka 1997 marehemu alipewa kazi ya kutengeneza bango la madarasa ya kusoma na kuandika kwa watu wazima. Aliazima kamera yangu, akaenda kumpiga picha kinyozi akiwa amekaa ndani ya duka lake, chini ya kibao chake cha maandishi makubwa. Jumanne tarehe 16 Septemba aliniletea filamu niisafishe. Nilipoiinua kwenye taa roho iliniuma. Ilikuwa picha ambayo nilikuwa nimeitafuta miaka kumi na moja bila kuipata, na aliyeipata alikuwa ameazima kamera, tena yangu. Niliiweka filamu kinyume kwenye mashine ya kukuzia. Nilijua ninachokifanya. Picha ikatoka imegeuka, kushoto kumekuwa kulia na maandishi ya kibao hayasomeki. Nikaifunga ndani ya bahasha, nikamwambia nasafiri kwenda harusini na nafunga studio siku tatu. Kazi yake ilitakiwa kiwandani kesho yake saa sita mchana.

Wengi wenu mnalikumbuka bango lililotoka. Kinyozi amekaa chini ya maandishi yaliyogeuka, na chini kabisa kuna mstari mmoja mdogo ulionyooka: "Kwa jirani yako, kila kibao kiko hivi." Lilibandikwa sokoni, vituo vya basi, hospitalini. Wanafunzi wakajaa madarasani mpaka wengine wakasomea barazani. Lilishinda tuzo ya kwanza ya wasanifu mwaka ule, na kila alipoulizwa wazo lilitoka wapi, marehemu alijibu kwamba kaka yake ndiye aliyempa. Watu walinipa mkono. Mama, aliyefariki 2015, aliwaambia majirani kwamba wanawe wawili walishirikiana. Nilizipokea sifa hizo miaka ishirini na sita, na sikuirudisha hata moja.

Tarehe 9 Agosti 2003 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, aliyefika ofisini kwake kulalamika kwamba kalenda ya shule aliyoisanifu ni nzuri mno, walimu wanaitazama badala ya kuisoma. Wakajaliwa mabinti wawili. Picha za harusi nilipiga mimi. Mpaka leo wageni wanazungumzia kadi ya mwaliko.

Oktoba 2022 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Alitibiwa kwa ujasiri, ingawa hakuacha kulalamikia maandishi ya wodini. Mwishowe muuguzi mkuu alimpa karatasi na kalamu, akayachora upya matangazo ya ghorofa nzima, na kuanzia hapo wagonjwa wakaacha kupotea njia ya kwenda maabara. Nilimtembelea kila wiki nikiwa nimekusudia kumweleza ukweli wa ile filamu. Kila mara niliishia kuongelea mvua.

Jumapili tarehe 14 Januari 2024 aliniambia wasifu wake niuandike mimi. Nikamwambia hiyo ni kazi ya mumewe.

"Mume wangu atanisifu mpaka watu wasinzie," alisema. "Wewe hutanisifu bure. Na habari ya lile bango uiseme."

Nilimuuliza bango lipi.

"Kaka, usijifanye. Miaka kumi na moja kwenye chumba cha giza, mtu hakosei upande wa filamu."

Alisema alijua siku ile ile, alipofungua bahasha kwenye ngazi za kiwanda. Alilia pale ngazini. Kisha akayatazama yale maandishi, akajaribu kuyasoma, akashindwa, na ndipo akaelewa bango linapaswa kusema nini. Nikamuuliza kwa nini basi alinitaja mbele za watu.

"Mwanzoni nilitaka uone aibu kila ukisikia. Baadaye nikaona ni kweli, ulinipa."

"Nilikupa kwa ubaya."

"Najua. Ubaya wako ulinifaa kuliko wema wa watu wengi."

Nililia, naye akanishika mkono. Nawaambia ukweli kama alivyotaka: hata dakika ile nilimwonea wivu, kwa sababu hata katika kusamehe alinipiku. Alifariki siku tatu baadaye, Jumatano tarehe 17 Januari, saa nne asubuhi, mumewe na mabinti zake wakiwa kando yake, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, shangazi mmoja, wapwa wanne, na kaka mmoja aliyeshukuriwa nusu ya maisha yake kwa jambo alilolifanya kwa nia mbaya. Mumewe amesoma maneno haya kabla yenu, akaniambia niyaache yalivyo.

Mwenyezi Mungu ampe dada yetu pumziko la amani. Tangu nikiwa na miaka miwili nimeamka kila siku nikiwa na mtu wa kumfukuzia. Jumatano ile nilifungua studio kama kawaida, habari ikanikuta humo, nikakaa kwenye kiti cha wateja, na sikujua niende mbio wapi.