Goti Lililotii Amri

Nje ya duka la kufulia hapa Fayetteville, mji wa kambi ya jeshi Marekani, kuna benchi la wanajeshi wastaafu. Jumamosi nikisubiri nguo za mwanangu zikauke, wananishikia mtoto bila kuombwa, na kahawa wanaiweka mbali naye. Leo Harlan Oxendine, tunayemwita Mwavuli kwa kuwa aliruka na parachuti miaka ishirini, ana barua mkononi. Aliomba ofisi ya wastaafu wa jeshi impandishie asilimia ya ulemavu wa mgongo na magoti, ambayo ndiyo hupanga malipo, apate kuacha kazi ya kupakia matairi. Walimkatalia, na sasa hata rufaa imekataliwa. Wameandika goti lake linakunjika vizuri.

Mwenzake tunayemwita Wakili, ingawa sheria yake yote ni fomu alizojaza mwenyewe, akaanza:

— Daktari alikwambiaje?

— "Kunja mpaka mwisho."

— Nawe?

— Nikakunja mpaka mwisho.

— Mpaka kisigino kikagusa tako?

— Si kasema mwisho!

— Mjinga wewe! Ulitakiwa uishie pale maumivu yanapoanzia!

— Hilo hakusema. Amri ni amri, bwana.

Mzinga, aliyeachiwa sikio moja na mizinga, akadakia:

— Rula yao ya mpira ile! Wakiivuta, kiwete anakuwa mwanasarakasi.

— Rula wapi! Ni kiti, Wakili akasema. Kina waya chini. Ukikaa bila kuguna, kinaandika "mzima".

— Basi amshtaki aliyeshona parachuti, Mzinga akasema. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa!

— Walisema pia mvumilivu hula mbivu, Mwavuli akasema.

— Umevumilia. Umekula nini? Mzinga akauliza.

Mwavuli akaikunja barua.

— Halafu daktari aliponiuliza hali, Mwavuli akaongeza polepole, nilimjibu nzuri.

— Mungu wangu! Kayaandika hayo? Wakili akauliza.

— Kaandika.

— Kata rufaa ya juu, basi.

— Miaka mitatu mingine? Soksi zenyewe ananivalisha mke wangu.

Dada mmoja mgeni, mke wa askari aliyehamia juzi, alikuwa amesimama mlangoni na kapu la nguo mbichi, akisikiliza.

— Samahani, mzee. Sasa hivi, hapo ulipokaa, inauma?

Mwavuli akamtazama Wakili. Wakili akamtazama Mzinga. Mzinga akatazama kikombe chake.

Mwavuli akanyoosha mgongo kama yuko kwenye gwaride. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

— Niko vizuri, mwanangu. Lete kapu nikupokee.

Akaanza kuinuka. Wenzake wakamshika viwiko, kila mmoja upande wake, huku wakitazama barabarani kana kwamba hawajamshika.