Mwalimu Veneranda na Ubao wa Sita

Baada ya miaka ishirini na sita ya kupanga uchezaji wa maigizo ya nyimbo katika kituo chetu cha sanaa hapa Same, Mwalimu Veneranda Mmbaga anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Anasema anarudi kijijini kwao Mamba kulima tangawizi. Mimi, Eliufoo, fundi wa jukwaa, siamini sana. Nasikia kwaya ya kwao imeshaanza kusogeza mabenchi kumwandalia pa kufundishia.

Alianza kazi mwaka 1999 akiwa na filimbi, daftari na wachezaji saba, wanne kati yao hawajui kushoto ni wapi. Aliwafundisha kwa kuwafunga kitambaa chekundu mguu mmoja. Tangu hapo ametunga uchezaji wa maigizo thelathini na moja, na vijana wake wamepanda majukwaa ya Moshi, Tanga na Dar es Salaam. Mazoezini hacheki ovyo. Akikohoa tu, safu nzima hunyooka.

Lakini kinachojulikana zaidi ni ule mruko. Katika kila igizo lake, wachezaji wakifika upande wa kulia wa jukwaa huruka pamoja, pa!, kisha huendelea kana kwamba hakuna kitu. Mgeni mmoja msomi alitueleza kwamba ni Wapare wanaoruka mifereji ya mashambani. Kikundi kimoja cha Ugweno kimeuiga, nao wanacheza juu ya sakafu ya saruji! Mwalimu akiulizwa, anatabasamu tu.

Tabasamu hilo limeninyima raha miaka ishirini na moja. Jukwaa lile nililijenga mimi mwaka 2004, nikiwa kibarua nasaka ajira. Boriti moja niliikata fupi. Ubao wa sita kutoka kulia ukakaa bila kitu chini yake, nami nikaupaka rangi, nikanyamaza. Siku ya kwanza ya mazoezi Mwalimu aliukanyaga, ukalia. Akaukanyaga tena, taratibu. Akanitazama. Kisha akawaamuru wachezaji waruke pale. Mwezi uliofuata nikapata barua ya ajira.

Jamani, niliishi roho juu. Nilijua ananiwekea akiba ya siku tutakayogombana. Nikimwamkia, akaitikia marahaba kwa upole, nashuku. Akiniletea ndizi kutoka kwao, najiuliza huyu anataka nini. Akiingia ofisini kwa mkuu wetu, Bwana Anderson, mimi nakumbuka ghafla kwamba bawaba za mlango ule zinahitaji mafuta. Kuung'oa ubao bila kuonekana haikuwezekana, kwani ufunguo wa ukumbi alikaa nao yeye, na hilo nalo nikalishuku.

Wiki tatu zilizopita alimkabidhi Rogathe, mrithi wake, lile daftari. Nilijua siri yangu imo, na Rogathe mdomo wake hauna kufuli. Nikaliazima kwa kisingizio cha kupima jukwaa. Kila ukurasa tangu mwaka 2004 una msalaba mdogo upande wa kulia, na maneno yaleyale kwa mwandiko wake: hapa waruke, Eliufoo asiulizwe. Niliona haya, nikalia kama mtoto mle stoo nilimojificha kulisoma.

Kesho yake nikaenda mwenyewe kwa Bwana Anderson, nikasema yote. Alininunia siku mbili, kisha akaidhinisha mbao. Boriti mpya nimeipima mara nne. Juzi vijana walifanya mazoezi juu yake na bado wanaruka palepale. Rogathe amekataa kabisa kuuondoa mruko.

Asante, Mwalimu, kwa vijana wote uliowasimamisha wima, na kwa ajili yangu mimi niliyekuwa nakudhania mabaya huku unanisitiri. Sote hapa kituoni tunakuombea afya, tangawizi inayokubali na magoti yasiyokusumbua. Leo, katika hafla hii ya kukuaga, utakapopanda jukwaani kupokea zawadi yako, ukifika ubao wa sita usiruke. Kanyaga, mama.