Dada Enelesi na Simu ya Wodi

Ndugu wafiwa na majirani, mimi ni Lyson Chikopa, mdogo wa marehemu, ukoo umenituma nisome wasifu wake, na nitasoma nilivyoandika mwenyewe, si wazee walivyonirekebishia jana.

Enelesi Chikopa alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 hapa Chimpeni, wilaya ya Ntcheu, akamaliza shule ya msingi 1982, sekondari 1986, uuguzi 1989, na tangu hapo alitumika hospitali moja, wodi ileile ya wanawake, akaolewa na Bwana Hastings Mkwezalamba tarehe 7 Septemba 1991, wakajaliwa Takondwa na Ulunji.

Mwaka 2016 wauguzi waligawiwa simu za wodi, muuguzi anaingiza presha, joto na kiwango cha hewa mwilini mwa mgonjwa, daktari anasoma hukohuko aliko. Wenzake walizifungia kabatini, huyu akisingizia betri, yule macho, lakini sababu tunaijua sote, kwetu muuguzi akiingia hupiga goti akamsalimu kwanza ndugu anayemuuguza mgonjwa, sasa huyu anaingia amekodolea kioo cha simu, nani atamvumilia? Dada peke yake aliitumia yake, akashtakiwa kwa matroni mara tatu kwa majivuno, na nyumbani tulimcheka, mimi wa kwanza, nikimwambia, “Dada, hiyo simu si ingekuzalia wajukuu tu,” naye akanijibu, “Cheka, mapafu unayo mazima.” Alichosha, Mungu amrehemu, hata kwenye harusi alihubiri simu.

Tarehe 16 Februari 2024 alilazwa wodini kwake kwa nimonia, nikawa namuuguza mimi. Jumatatu tarehe 19, saa nne asubuhi, aliingia Triza Nankhumwa, muuguzi aliyefundishwa na Dada mwenyewe, akampima, akainamia simu, wala hakunisalimu.

Nikamwambia, “Binti, dada yangu anatweta, wewe unachati?”

“Samahani, baba, daktari anasubiri hizi namba.”

“Kwenu hamkufundwa? Weka hiyo simu, uguza mtu.”

Akaiweka mfukoni, akapiga goti, akanisalimu vizuri, nami nikaridhika. Kila nusu saa alirudi kupima, akaandika kwenye karatasi ili asiniudhi, na karatasi ikabaki pale kitandani, huku daktari, aliyekuwa jengo la upasuaji, akiona namba za alfajiri tu na kudhani mgonjwa ametulia. Dada hakuwa na pumzi ya kusema, alinishika mkono akauvuta kuelekea mfuko wa Triza, mimi nikadhani anataka maji, nikamnywesha maji. Daktari alifika saa saba na nusu, akaisoma ile karatasi, hakunigombeza, na heri angenigombeza. Dada alifariki saa nane mchana.

Tunawashukuru madaktari, matroni, majirani mliopika na mliochimba kaburi. Triza, najua umekaa nyuma huko unalia, hukukosa wewe, nilikosa mimi, na kesho wodini utamkuta mwingine kama mimi, mwache atukane, wewe andika kwenye simu.

Enelesi, dada yangu, lala kwa amani, na yale maji unisamehe.