Nani Anamwagilia? Miaka Thelathini na Mitatu ya Fundi Wekoye Masibo

Na Hibo Shafi, Dawati la Malalamiko, Kitale

Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, saa kumi na moja jioni, Fundi Wekoye Masibo atarudisha spana zake stoo, atatia sahihi, kisha atatoka kwenye lango la ofisi yetu ya Kitale akiwa mstaafu. Atakuwa ameitumikia kampuni hii ya maji kwa miaka thelathini na mitatu na miezi mitatu. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu mimi hukaa kwenye dawati la malalamiko, na katika miaka yangu kumi na minne hapo sijapokea hata lalamiko moja juu yake. Nililopokea ni moja tu, nje ya ofisi, kutoka kwa mkewe, na hilo ndilo hasa ninalotaka kuwasimulia.

Huyu ndiye mwenyekiti wa Wakulima wa Nyuma ya Jikoni, kikundi cha wafanyakazi wetu wa Kitale na Bungoma wanaolima kwa mapenzi, si kwa soko. Amewafundisha watu zaidi ya sitini kutengeneza bustani kwa vitu vilivyokuwa vinangoja kutupwa. Lakini nyumbani kwao Chwele hana hata shina moja la sukuma. Amekatazwa. Tangu Machi, alipopokea barua ya kustaafu, hofu yake imekuwa moja: kwamba atarudi nyumbani na Mwalimu Pauline, mkewe, ataendelea kumkataza. Nimemkuta mara kadhaa ameketi karakana na spana mkononi, na hakuna anachofungua. Mtu asiyejua kukaa bure, atakaa uani akitazama ng'ombe mpaka lini? Jambo hilo lilitusumbua sote.

Alianza kazi tarehe 1 Agosti 1992 kama kibarua wa kuchimba mitaro, akiwa na miaka ishirini na sita na, kwa maelezo yake mwenyewe, kiuno cha chuma. Miaka sita baadaye akapandishwa kuwa fundi wa mabomba, na mwaka wa 2010 akawa msimamizi wa mafundi wote wa Kitale. Katikati alifanya kazi Bungoma kwa muda, na wenzetu wa huko mpaka leo wanadai ati wao ndio waliomfundisha kazi. Ana ufito wa chuma ambao huusimamisha juu ya bomba lililofukiwa, akaweka sikio upande wa juu, akasikiliza. Mafundi vijana wamejaribu wakasikia magari tu. Yeye husikia maji yanakotorokea, na akisema chimba hapa, unachimba hapo hapo.

Bustani nayo iliingia maishani mwake kwa sababu ya maji yaliyotoroka. Januari 2009 Kitale ilikauka, vumbi mpaka kwenye meno, na mtaa mmoja ulikuwa unapata maji ya kudondoka tu. Fundi alizunguka siku mbili na ufito wake. Siku ya tatu akaona nyuma ya nyumba ya mjane mmoja, Mama Peris, kijishamba cha nduma zenye majani mapana, kijani kibichi. Hakuhitaji hata kusikiliza. Nduma hazinenepi Januari mahali pasipo na mto. Akachimba, akakuta bomba limepasuka, akaliziba. Mtaa ukapata maji, na nduma za Mama Peris zikaanza kunyauka wiki hiyo hiyo.

Mwingine angekwenda zake, maana kazi ilikuwa imekwisha. Yeye hakulala vizuri. Jumamosi hiyo hakwenda Chwele kama kawaida yake, alikwenda kwa Mama Peris na ndoo mbili kuukuu. Moja akaitoboa chini, akapanga ndani kokoto, mkaa uliopondwa na mchanga, akamwonyesha jinsi ya kupitishia humo maji ya kuoshea vyombo ili yapungue mafuta kabla ya kwenda shambani. Nusu ya nduma zilipona. Wiki iliyofuata akamjazia gunia udongo na mbolea ya ng'ombe, katikati akasimamisha nguzo ya kokoto ili maji yafike mpaka chini, na ubavuni akatoboa matundu ya kuchomeka miche ya sukuma. Majirani walipoona wakataka. Wafanyakazi wenzake walipoona wakataka zaidi.

Kufikia mwaka wa 2011 tulikuwa tunakutana karakana kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kila mmoja na alichokitengeneza kwa mikono yake. Kulikuwa na mabaki ya mabomba yaliyotobolewa kwa msumari wa moto, matairi yaliyogeuzwa nje ndani yakawa vyungu, chupa za soda zilizozikwa kichwa chini kando ya nyanya. Mimi nilileta mfereji wa bati uliong'olewa paani, nikapanda stroberi ndani yake. Nilivuna tunda moja, na hata hilo kunguru aliniwahi. Fundi alilikagua bua lililobaki kwa heshima zote, akasema kwamba angalau kunguru ameridhika.

Sasa nije kwenye lile lalamiko. Likizo ya Desemba 2012, Fundi aliamua kwamba ni zamu ya nyumbani. Kwa wiki tatu alijenga nyuma ya jikoni bustani ambayo sisi wengine tuliiota tu: magunia manane, mistari minne ya nyanya, chupa arobaini, na juu ya jukwaa la mbao pipa la lita mia mbili lenye mipira ya kudondosha maji kwenye kila shina. Tarehe mbili Januari akapanda gari kurudi Kitale, moyo mweupe. Pipa lilikauka baada ya siku nne. Mvua hakuna, bomba la kampuni yetu halijafika upande ule wa mlima, na chemchemi iko bondeni, mwendo wa robo saa kushuka na zaidi ya hapo kupanda. Aliyeshuka na kupanda ni Mwalimu Pauline, kabla ya kwenda kufundisha na baada ya kutoka shuleni, ndoo kichwani. Fundi naye alikuwa akipiga simu kila jioni kukumbusha kwamba majani yasiloweshwe.

Katikati ya Februari akatualika tukaone. Tulikwenda kumi na wawili, Kimeli dereva wetu akiendesha. Fundi alisimama chini ya lile pipa kama mhubiri, akatueleza kwamba uzuri wa mfumo huu ni kwamba maji yanajiendea yenyewe, mtu hana kazi. Tulikuwa bado tunaandika kwenye madaftari yetu Mwalimu Pauline alipotokea njiani na ndoo kichwani. Alitusalimu vizuri, mmoja mmoja. Akapanda kwenye kigoda, akamimina ile ndoo ndani ya pipa mbele yetu, akashuka, akarudi bondeni. Baada ya nusu saa akaja na ya pili, akaimimina vilevile. Nikaacha kuandika. Ya tatu alipoileta alitualika ndani, akatupa chai na viazi vitamu, na akatusimulia habari za shule kwa uchangamfu mkubwa. Kwenye gari, kurudi, hata redio haikufunguliwa.

Jumamosi iliyofuata Fundi alifika nyumbani akakuta magunia yamekung'utwa, nyanya zimevunwa mbichi na mbivu, sukuma imo tumboni mwa ng'ombe, na pipa limefudikizwa. Mwalimu hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba hapo nyuma ya jikoni hakutapandwa kitu tena, kwa sababu bustani ni ya anayeamka nayo. Na Mwalimu akisema, amesema. Kwa miaka kumi na miwili na zaidi mwenyekiti wetu amekuwa akinunua sukuma na mrenda kwenye soko la Chwele kama mtu mwingine yeyote, na akina mama wa pale, wanaomjua, humuuliza kwa sauti ya juu kama mbegu zimeisha Kitale. Mganga hajigangi, bana, ndivyo anavyowajibu.

Ninachompendea Fundi ni kilichofuata. Angeweza kunyamaza. Sisi tuliokuwepo tulikuwa tumekubaliana kimoyomoyo kutolitaja. Lakini Ijumaa ya mwisho ya mwezi huo alisimama karakana, mbele ya watu wote, akasimulia kila kitu, ndoo ya kwanza, ya pili na ya tatu. Akasema kwamba yeye hupeleka maji kwa nusu ya mji huu na hajui yanavyolemea shingo ya mkewe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Alisema amemwonea, na alilia kidogo, na hakuna aliyejifanya haoni. Kisha akapendekeza kanuni: yeyote atakayeleta mradi, kabla ya kusifiwa, aulizwe kwanza nani anamwagilia. Kama si yeye, basi huyo anayemwagilia ndiye aje kuueleza.

Kanuni hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote alizotuachia, na nasema hivyo nikijua kwamba ni yeye aliyebadilisha mabomba ya chuma ya katikati ya mji bila kuwanyima watu maji hata siku mbili mfululizo. Mwezi uliofuata Kimeli alileta picha za vitunguu vyake vya kwenye matairi, akaulizwa, akakuna kichwa. Tukamwita Phelista, mkewe. Phelista alitufungulia vitabu. Alieleza kwamba matairi ya juu hukauka haraka kuliko ya chini, kwamba kinyesi cha kuku kikiwekwa kibichi huchoma miche, na kwamba vitunguu vingi kwenye zile picha vilikuwa vya jirani. Leo Phelista ndiye mwalimu wetu mkuu wa mboji. Bungoma waliichukua kanuni hiyo pia. Miradi ilipungua nusu, lakini iliyobaki iko hai.

Mwaka huu wote Fundi hakuthubutu kumuuliza Mwalimu swali lenyewe, kama akistaafu ataruhusiwa kulima. Agosti alijaribu kulizungukia, akazungumzia bei ya mboga sokoni. Mwalimu akamjibu kwamba ni kweli zimepanda, akaendelea kusahihisha madaftari. Basi mapema mwezi huu, kwa kisingizio cha kutafuta picha ya arusi kwa ajili ya wasifu huu, nilikwenda mpaka Bungoma, nikapanda bodaboda hadi Chwele. Picha nilipewa. Nilipomaliza chai nikajikaza nikamuuliza.

Mwalimu Pauline alinichukua mpaka nyuma ya jikoni. Nilidhani nitakuta mahindi, maana ardhi haikai bure kwetu. Hapakuwa na mahindi. Kulikuwa na ua uliorekebishwa vizuri, na ndani yake udongo mweusi, laini, unaozamisha kiatu. Kumbe miaka yote hiyo amekuwa akimwaga humo majivu ya jikoni na samadi ya zizini, kila wiki, na mumewe alikuwa akipita kando akidhani ni jaa. Aliniambia kwamba hakumkataza kulima, alikataa kulimiwa na mtu aliye mbali. Hata hivyo ana sharti. Kiangazi cha kwanza, Desemba hadi Februari, hataki pipa, hataki mpira, hataki chupa. Maji yatatoka bondeni kwa mikono ya Fundi mwenyewe. Baada ya hapo afunge mabomba mpaka mbinguni akitaka.

Nilipomfikishia habari hizo, Fundi alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akaniomba leso. Mchana huo huo alikwenda kwa kamati ya sherehe. Tulikuwa tumeamua kumpa mpira wa mita hamsini na toroli. Alishukuru, akaomba virudishwe dukani, na badala yake apewe mtungi mmoja wa lita ishirini, wenye kifuniko kisichovuja.

Nilimpigia Mwalimu jioni kumwambia kwamba sharti limekubaliwa, na kwamba zawadi ni mtungi. Akaniambia tununue miwili, kwani ile njia ya chemchemi ni pana, na watu wawili hutembea humo bila kusukumana.

Fundi Wekoye, tunakushukuru kwa maji uliyotufikishia na kwa swali ulilotufundisha kuuliza. Mitungi yote miwili iko chini ya meza yangu, imefungwa pamoja kwa kamba. Nenda salama. Kiangazi cha kwanza kiwe kifupi, na maisha yenu huko Chwele yawe marefu na mema.