Unga Unapumzika

Mjomba: Haloo? Nani huyo?

Dada: Nani huyo nini? Namba yangu umeifuta?

Mjomba: Aa, dada! Shikamoo.

Dada: Marahaba. Wanangu wazima?

Mjomba: Wazima kabisa. Tunapika pankeki.

Dada: Mnapika nini?

Mjomba: Pankeki. Unga, mayai, mazi—

Dada: Wewe? Uliyeunguza maji ya chai?

Mjomba: Ah, hiyo ya zamani bwana.

Dada: Juzi. Mbona huko kumetulia hivyo? Wale hawatuliagi hata wakiumwa.

Mjomba: Wanasubiri tu. Unga unapumzika.

Dada: Unga unafanya nini?

Mjomba: Unapum— (krrr) mtandao huu, dada, sikusiki—

Dada: Unanisikia vizuri sana. Nani kakwambia unga unapumzika?

Mjomba: Nimeona kwenye simu.

Dada: Kwa bando gani? Si jana uliniomba mimi?

Mjomba: Simu ya jirani.

Dada: Mpe Kifungo.

Mjomba: Ana unga mikononi, atachafua si—

Dada: Mpe mwanangu simu!

Kifungo: Mama! Mayai nimevunja mimi! Yangu itarushwa juuu, halafu naidaka na sahani!

Dada: Atairusha nani, mama?

Kifungo: Mjomba kasema nisiseme.

Dada: Haya. Mrudishie simu.

Mjomba: Dada, sikiliza kwan—

Dada: Huyo mwoka mikate yuko jikoni kwangu.

Mjomba: Kapiga hodi, watoto wakamrukia. Ningefanyaje, nimfungie baba yao mlango?

Dada: Ndiyo! Ulikuwepo wewe. Aliwaambia anarudi Jumapili. Wakashinda dirishani, Kifungo akalala na viatu miguuni. Miezi minne, simu kazima! Nilisema asiwaone tena mpaka aongee na mimi kwanza. Nilisema, sikusema?

Mjomba: Ulisema. Ila anakusubiri muongee.

Dada: Kasema yeye, au umesema wewe?

Mjomba: ...Mimi.

Dada: Ehee. Ana begi?

Mjomba: Liko hapa mlangoni.

Dada: La kuja au la kuondokea?

Mjomba: Aisee, dada, begi ni begi, mimi nitajuaje—

Dada: Kubwa?

Mjomba: La kati.

Dada: La kati! Hata begi lake halieleweki. Kawaambia atalala?

Mjomba: Kifungo kamuuliza. Akasema tule kwanza.

Dada: (mlio wa cherehani unakatika)

Mjomba: Dada? Upo? (krrr) Haloo?

Dada: Nipo. Viatu kavaa?

Mjomba: Kavua. Viko kibarazani.

Dada: Vichukue.

Mjomba: Nivichukue niende navyo wapi?

Dada: Uvunguni kwangu, nyuma kabisa ya sanduku. Cherehani nishaizima, natoka sasa hivi. Na salio linakata, usibishane.

Mjomba: Mtu mzima huyo! Akiviulizia nimwambie nini?

Dada: Mwambie navyo vinapumzi—

(tuut, tuut, tuut)