Inasoma Rubiela?

Benchi letu liko upande wa benki, tunakaa tumeligeuzia kanisa mgongo, na mbele yetu Bolívar wa sanamu yuko uchi juu ya farasi kama alivyo siku zote hapa Pereira. Sisi ni wapiga picha: harusi, komunyo ya kwanza, mabinti wanaotimiza miaka kumi na tano. Kazi zikikosekana, na siku hizi kukosekana ndiyo kazi yenyewe, tunakaa tunalinganisha kamera. Siku hiyo kahawa tuliichukua duka la mikate, maji ya kuoshea sufuria kwa kweli, kwa sababu doña Rubiela, aliyetuuzia kahawa hapo benchini miaka kumi na moja, tulikuwa tumemzika wiki iliyopita. Ilikuwa siku ya tisa ya sala za kumwombea, siku ya kumaliza. Kule makaburini binti yake, Yurany, alituomba kitu kimoja tu: picha ya mama yake ya kuweka mezani kati ya mishumaa, maana simu yake iliibwa mwezi Desemba ikaondoka na picha zote. Tukamwambia asihangaike, Rubiela tunazo za kumwaga, aje saa kumi. Ilipofika saa tisa na nusu hatujachapisha kitu. Duka la kuchapisha liko ng'ambo ya barabara, hatua ishirini, lakini hatujakubaliana picha itoke kwenye kamera ya nani.

— Itoke kwangu, alisema don Aldemar. — Tusipotezeane muda.

Don Aldemar ndiye tunayemwita Megapikseli. Ana miaka sitini na kitambi, na hajawahi kuongea habari ya kamera bila kuanza na namba. Alikuwa ameipakata hiyo kamera yake kubwa, anaifuta kwa leso, na vumbi lenyewe haina.

— Sitini na moja, alisema. — Nukta milioni sitini na moja. Mnajua maana yake? Nikitaka namkuza Rubiela anajaa ukuta mzima wa kanisa.

— Nani kakutuma ujaze ukuta? aliuliza Luz Estela. — Meza ya Yurany inabeba mishumaa miwili na glasi ya maji.

— Naongelea ubora, mama.

— Ubora wa kujaza kompyuta. Picha yako moja hadi ifunguke, mtu kashapika maharage, kala, na kaosha vyombo.

Luz Estela tunamwita Nusu Bei, kwa sababu hata viatu alivyoolewa navyo vilikuwa mtumba, na anajisifia. Kila kamera mpya kwake ni wizi. Mkononi alikuwa na mashine iliyokwanguka pembe zote, aliyoinunua kwa mpiga picha mstaafu wa Cali.

— Swali ni moja tu, alidakia Wbeimar. — Inasoma Rubiela au haisomi?

Hapo lazima nieleze. Rubiela alikuwa na chupa nyekundu ya kahawa, na ubavuni mtu alimwandikia kwa rangi nyeupe KAHAWA YA RUBIELA, herufi kubwa, na chini yake, kwa vijiherufi ambavyo bila miwani huvioni, MOTO KAMA MWENYEWE. Mmoja wetu akinunua kamera au lenzi, kitu cha kwanza ni kumsimamisha Rubiela penye jua, kashika chupa, na kupiga. Vile vijiherufi vikisomeka, kamera inasoma Rubiela. Visiposomeka, umepigwa. Ikawa ndiyo lugha ya benchi. Mtu anakuuliza, hiyo lenzi una Rubiela ngapi, unamjibu arobaini, yaani picha arobaini zinazosomeka, mmeelewana.

— Yangu inasoma kutoka kwenye farasi, alisema Megapikseli.

— Farasi yuko hatua thelathini. Acha fiksi, mzee.

— Hatua thelathini na nne. Na inasoma.

— Mchana, alisema Wbeimar kwa dharau. — Mchana hata simu ya mlinzi wa benki inasoma.

Huyu Wbeimar tunamwita Popo. Ni kijana kidogo kuliko sisi, mwembamba, na hana habari na kitu chochote chenye mwanga. Kamera yake haina kile kioo cha ndani kinachoruka ukipiga, ni ndogo kama pakiti ya biskuti, na bei yake ingeezeka nyumba. Ameshawaambia maharusi wawili wazime taa ukumbini ili waone maajabu, na mmoja wao bibi harusi alijikwaa kwenye keki.

— Yangu gizani naipandisha hadi elfu mia na picha haitoi chembe hata moja, alisema. — Juzi nimepiga chumbani, mapazia yamefungwa, taa hakuna, na rangi ya shuka ikatoka.

— Mwanga umeupata wapi? nikamuuliza.

— Ukutani.

— Ukuta gani unatoa mwanga?

— Ukuta wowote, Makumbusho. Unakunywa jua mchana kutwa. Ukiushika jioni si una joto? Basi, mwanga nao umo. Kamera zenu hazijui kuunyonya tu.

Makumbusho ndiyo mimi, Evelio. Wananiita hivyo kwa sababu mashine yangu ina miaka kumi na minne na nukta milioni kumi na mbili, na siibadilishi. Nilimwangalia Popo nikaona kabisa kwamba anaamini alichosema. Ndilo linaloniudhi na watu hawa: waongo wangekuwa na nafuu.

— Kwa hiyo picha anayokwenda kuweka yule binti, alisema Nusu Bei, — ni ya mwanga wa jana uliochacha.

— Afadhali ya mwanga wa jana kuliko kamera iliyopigia watu wote wa Cali.

— Ndiyo faida yake, mwanangu. Kamera mpya haijui watu, inashtuka. Hii imefanya harusi mia tatu kabla sijaishika. Bibi harusi akikaribia kulia naisikia kwenye kidole, inatetemeka.

— Hiyo betri imelegea, nikamwambia.

— Betri nimefunga karatasi. Ni kamera yenyewe, inakumbuka. Nawe unanunua mpya, unalipia sanduku na maua ya dukani. Nusu ya bei ni sanduku.

— Na ngozi? alisema Megapikseli.

Megapikseli akisema ngozi ujue anaanza hotuba.

— Rubiela alikuwa mweusi wa Chocó, na mweusi kwelikweli. Popo anawatoa watu wa Chocó rangi ya majivu, nimeona komunyo alizopiga, watoto kama wamepakwa unga. Nusu Bei anawatoa zambarau. Makumbusho anatoa doa moja jeusi, meno yanaelea. Weusi wa Rubiela una tabaka kumi na saba. Nimezihesabu.

— Umezihesabu wapi?

— Mkononi kwake. Pale anaposhika chupa.

— Kumi na saba, alisema Popo. — Mimi naona ishirini na mbili, na ilikuwa jioni.

— Unaona chembe unadhani tabaka.

— Unaniambia mimi chembe? Wewe mwenye lenzi ya plastiki?

— Lenzi yangu vioo kumi na vinne vya ndani. Hesabu mwenyewe.

— Nivihesabu nimeingia humo ndani?

Nilitaka kucheka lakini nami nilishaingia. Nikawaambia waache upuuzi, picha ni kioo. Kamera yenye kioo, ukipiga inatoa ule mlio, tak, na mtu akiusikia mlio anaamka usoni. Hizi za kimyakimya zinapiga watu wakiwa wamelala na macho wazi. Nikasema kwamba mlio wa yangu unafika hadi moyoni, na kwamba daktari mmoja alinithibitishia. Hakuna daktari. Sijui ilitoka wapi. Lakini nilipoisema nilisimama kabisa na kikombe mkononi, na kahawa ile mbovu ikanimwagikia suruali.

— Sawa, alisema Nusu Bei. — Kila mtu aseme anazo Rubiela ngapi, mwenye nyingi ndiye atoe.

— Mia nne na kumi, alisema Megapikseli hapohapo.

— Mia sita, alisema Popo. — Na mia mbili kati ya hizo ni giza tupu na zinasoma.

— Mia tatu, alisema Nusu Bei. — Kwa kamera sita tofauti, zote mtumba. Fanya hesabu ya bei kwa kila Rubiela uone nani mjanja hapa.

Mimi nilikuwa na mia moja na ushee. Nikasema mia mbili.

Mngetuona mngesema serikali inagawa kitu. Watu wazima wanne, tumemzika mwanamke juzijuzi, na kila mmoja anataka apeleke yeye, si kwa ajili ya marehemu, bali jioni hiyo waumini wote wapite mbele ya ile meza waseme, lo, hii nayo ni kamera gani. Naisema hivyo kwa sababu mimi ndivyo nilivyotaka.

Yurany alifika saa kumi kamili. Alivaa blauzi nyeupe na sketi nyeusi, na chini ya kwapa alikuwa na fremu mpya, bado imefungwa nailoni. Tukasimama wote. Don Aldemar akampisha mahali pa katikati.

— Mmepata? aliuliza.

— Tumepata kupita kiasi, mwanangu, alisema Megapikseli. — Sasa wewe ndiye mwamuzi. Chagua.

Akafungua kompyuta yake ya kubebea, akampa. Yurany akaweka fremu benchini, akaangalia picha ya kwanza. Kisha ya pili. Akafika ya kumi.

— Umeona ukali wake? alisema Megapikseli. — Ikuze. Ikuze tu bila wasiwasi.

Akaikuza. MOTO KAMA MWENYEWE, hadi mikwaruzo ya rangi unaiona. Akapokea ya Popo, akapitisha kidole, taratibu, halafu haraka. Akapokea ya Nusu Bei. Yangu alikuja kuiangalia mwisho, kwenye kioo kidogo nyuma ya kamera, kaiinamia karibu. Chupa penye jua. Chupa penye kivuli. Chupa na mkono. Chupa na kipande cha aproni, na juu yake kitu kama kidevu, kimefifia kabisa, maana tunafungua lenzi yote, herufi zitoke kali na vingine vyote vififie.

Akanirudishia kamera.

— Na mama yuko wapi?

Megapikseli aliichukua kompyuta yake akaanza kuzitafuta mwenyewe, anapitisha, anapitisha, mdomo wazi. Nusu Bei alikaa chini. Mimi mia moja na ushee zangu nilizijua zote, sikuwa na haja ya kutafuta.

— Alikuwepo, alisema Popo hatimaye, na sauti yake haikuwa ile ya elfu mia. — Yangu ina tabia, ikiona uso inauacha huo mwandiko inakimbilia uso. Zile zilizokosea, alikuwepo.

— Ziko wapi?

— Zilikuwa zimekosea, alisema Nusu Bei. — Herufi hazisomeki, unafuta. Wote tunafuta. Unafuta palepale ili kadi isijae.

Yurany aliitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa. Hakulia wala hakutugombeza, na ningeshukuru angetugombeza. Akaichukua fremu yake, akaibana tena kwapani, akasema basi atakwenda kukuza ile ya kitambulisho, japo mle mama amekunja uso kwa sababu walimwambia avue hereni. Alipiga hatua mbili, halafu akageuka.

— Kwenye hizo mlizofuta, alikuwa anacheka?

Aliuliza kwa upole tu, kama mtu anayeulizia njia, akasimama kusubiri jibu. Megapikseli alimwangalia Popo. Popo aliniangalia mimi. Miaka kumi na moja mwanamke huyo alisimama mbele yetu kila tulipomwambia simama, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua.